Wingu Lisilohama

Wahenga wetu walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini leo tutafakari wingu ambalo ni dalili ya upepo.

Sisi tunaoishi karibu na Mlima Kenya pengine huliona. Ni wingu laini, lenye umbo la sahani iliyopinduliwa, na mara nyingine sahani mbili au tatu hupandana. Mawingu mengine hupita, lakini hili hukaa pale pale juu ya mlima kana kwamba limetia nanga.

Je, limetulia kweli? Hata kidogo. Upepo wenye unyevu unapogonga mlima hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na mvuke uliomo hugeuka matone madogo. Hapo ndipo wingu huonekana. Ukisha kuuvuka mlima, upepo huteremka, hupata joto, na matone hukauka. Hivyo upande mmoja wingu linazaliwa, na upande wa pili linakufa, dakika kwa dakika. Kilichosimama ni umbo tu. Ndani yake upepo unakwenda kasi, ukipanda na kushuka kama mawimbi ya bahari. Marubani wakiliona hujihadhari.

Tena kuna siku ambazo hewa ni kavu: mawimbi yapo, wingu halipo. Tarehe 5 Machi 1966, karibu na mlima Fuji huko Japani, anga lilikuwa safi wakati mawimbi ya namna hiyo yalipoivunja ndege ya abiria ya Uingereza. Watu wote 124 waliokuwamo walikufa. Hapakuwa na wingu la kuwaonya.

Ndugu zangu, dalili ni rehema. Mtoto aliyekuwa mcheshi akinyamaza, twasema, "Siku hizi ametulia." Jirani akianza kuketi nyuma kanisani peke yake na kuondoka kabla ya baraka, twasema, "Ni mpole." Huenda ni wingu lile. Mtumishi wa Eliya alitumwa mara saba kutazama upande wa bahari, hata akaona wingu dogo. Nasi tusichoke kutazama. Leo jioni tuketi karibu na huyo aliyenyamaza, tumwulize habari zake, kisha tumsikilize mpaka amalize.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe macho ya kuona na moyo wa kujali, kabla upepo haujavunja. Amina.