Vijana Wazionje Kazi Kabla ya Kuzichagua

Hotuba ya Halmashauri Ndogo ya Elimu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya zile saa ambazo watoto wetu wa shule za upili huwa wametoka darasani na giza halijaingia. Habari za karo zimekwisha kusomwa na Mtunza Hazina, nasi hatutazirudia. Twataka kusema juu ya jambo ambalo halimo katika hesabu yake, nalo ni kwamba watoto wetu wanachagua kazi za maisha yao bila kuwahi kuzigusa.

Mwajua ya kuwa mtaala wa umilisi, ulioanza kufundishwa kote nchini mwaka 2019, umeyabadili mambo. Katika mpango wa 8-4-4 kijana alikaa hata akamaliza Kidato cha Nne ndipo akaulizwa kwa dhati anataka kufanya kazi gani. Sasa swali hilo humjia akiwa Gredi ya 9, naye ana umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Huambiwa achague njia moja katika tatu: ya Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, au ya Sayansi za Jamii, au ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Watoto wa kwanza wa mtaala huu waliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, na masomo yao ya miaka mitatu yamejengwa juu ya njia hiyo.

Tulipowauliza vijana wa nyumbani mwetu kwa nini wamechagua walivyochagua, majibu yalitutia mawazo. Mmoja alisema mjomba wake ndiye aliyemwambia. Mwingine alisema rafiki zake wote wamekwenda huko. Anayetaka uhandisi hajawahi kushika spana, na anayetaka uwakili hajaketi hata siku moja katika viti vya nyuma vya mahakama kusikiliza kesi, ijapokuwa kesi nyingi husikizwa hadharani. Hatuwacheki watoto hawa. Ni nani aliyewachukua akawaonyesha?

Tazameni sanduku la bati ambalo mtoto wa shule ya bweni hubeba siku ya kwanza, lenye kufuli na jina lake lililoandikwa kwa rangi. Masanduku mengi ya namna hiyo hutengenezwa Kamukunji, hapa Nairobi, mahali ambapo sauti za nyundo husikika tangu asubuhi. Mtoto hulala karibu na sanduku hilo miaka yake yote ya shule, na wala hajui bati lile lilikatwaje, pembe zake zilikunjwaje zisimkate mkono, wala fundi alipimaje hata kifuniko kikakaa sawasawa. Hesabu za pembe na eneo anazoumwa nazo kichwa darasani zimo ndani ya sanduku lake mwenyewe.

Sasa twajua kwamba baadhi ya wazee wetu hawapendi maneno haya, nao wana sababu. Walituambia wazi katika kikao cha matayarisho: "Hatukumpeleka mtoto shuleni ili arudi kushika nyundo." Twaomba kulijibu neno hili kwa heshima, kwa kuwa lina historia yake. Mwaka 1924 ilikuja Kenya tume ya Phelps-Stokes, ambayo Dakta Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijijini, ukulima na kazi za mikono. Mwaka uliofuata shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete. Ushauri wenyewe ulikuwa na mema ndani yake, lakini ulitolewa katika nchi ambayo mtoto wa Mzungu hakuambiwa akome penye jembe na randa. Wazazi wetu waliona kwamba kazi ya mikono imewekwa iwe dari juu ya kichwa cha mtoto wao, asipande zaidi. Ndiyo sababu wengine walichanga fedha zao wenyewe wakajenga shule zao za kujitegemea, wakataka Kiingereza na hesabu kama wengine. Twasema walifanya vema. Mashaka waliyoturithisha yalikuwa ya haki.

Lakini jambo tunaloleta leo si lile. Hatusemi mtoto aache kitabu. Twasema kabla ya kuamriwa achague, apewe kwanza kuonja. Mtoto atakayekaa jioni kadhaa katika gereji akaona kwamba hapendi mafuta wala kelele amepata faida kubwa, kwani amelijua hilo akiwa na miaka kumi na minne, wala si akiwa na ishirini na tatu, baada ya baba yake kuuza shamba.

Kadhalika wako wanaosema kwamba jambo hili lilikwisha jaribiwa na serikali likashindwa. Ni kweli kwamba mpango wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulileta useremala, ushonaji, upishi na ukulima hata katika shule za msingi. Wazazi waliambiwa wajenge vyumba vya kazi, nao wakajenga. Lakini penginepo chumba kilisimama bila vifaa, mwalimu wa hesabu akafundisha useremala kwa kuchora randa ubaoni, na watoto wakakariri majina ya meno ya msumeno ili wayaandike katika mtihani. Masomo mengi ya namna hiyo yalipunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisi twaona kwamba kilichoshindwa pale ni kuufundisha ufundi bila fundi. Fundi alikuwapo, hatua chache nje ya ua wa shule, na hakuna aliyemwita.

Wala si mara ya kwanza nchi hii kujiuliza. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa juu ya watoto waliomaliza shule ya msingi wasipate nafasi ya kuendelea, nayo ikauliza tangu jina lake: baada ya shule, nini? Katika taarifa hiyo ndimo mlimozaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo baadaye viliitwa vyuo vya vijana, na ambavyo kwa Katiba ya mwaka 2010 viliwekwa mikononi mwa kaunti. Vyuo hivyo vimefanya kazi njema. Hata hivyo vina ila moja ambayo si kosa lao: machoni pa watu vimekuwa mahali pa kwenda aliyekosa kwingine. Mtoto huingia humo akiwa amekwisha kuitwa mshindwa. Sisi twapendelea aingie karakana wakati bado milango yote iko wazi mbele yake.

Tumesoma pia habari za mji wa Chicago, Marekani. Mwaka 1991 palikuwa na kiwanja kitupu katikati ya mji huo, majengo yake yamebomolewa na mapya hayajajengwa. Bibi Maggie Daley, mke wa meya wa siku hizo, pamoja na wenzake, waliweka mahema pale, wakawaita vijana wa shule za upili waje wafanye kazi za sanaa chini ya wasanii wenyewe, nao wakalipwa posho. Kazi hiyo ilipanuka, na mwaka 2000 likaanzishwa shirika la After School Matters, likaongeza michezo, ufundi wa kompyuta na kazi nyingine kwa saa za baada ya masomo. Chama chetu hakina fedha za kuwalipa vijana posho, na haifai tujidanganye. Ila tulilolipenda katika habari hiyo halihitaji hazina kubwa: aliyewekwa mbele ya kijana ni mtu anayeila kazi ile, anayeijua faida yake na uchungu wake.

Basi watu wa namna hiyo tunao humu ukumbini. Tukigeuza macho twaona maseremala, mafundi wa mabati, fundi wa umeme, washonaji, wauguzi, mwenye duka la dawa, makarani wa hesabu, mpishi wa hoteli, na wenye gereji. Hii ndiyo mali ya Chama ambayo haijaandikwa katika taarifa ya mwaka.

Mpango tunaouleta ni huu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zasema masomo ya darasani kwa shule za kutwa yaishe saa tisa na nusu alasiri, na muda wa kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo uwe wa mambo ya nje ya darasa. Twaomba jioni mbili kwa juma, pamoja na asubuhi ya Jumamosi kwa walio mbali. Kijana akae kwa fundi mmoja majuma sita, kisha ahamie kwa mwingine wa kazi isiyofanana na ile. Atakayeanza kwa seremala aende kwa muuguzi, na atakayeanza dukani aende gereji. Kwa mwaka mmoja ataweza kuonja kazi nne au tano bila kukosa somo hata moja.

Hapa yatupasa kusema na mafundi wenyewe, kwa sababu mpango utafaulu au utaharibika mikononi mwao. Twawaomba msimpe kijana ufagio siku ya kwanza na chai ya kuleta siku ya pili, mkasema amejifunza. Mwanagenzi anayekaa kwenu miaka mitatu ana wakati wa kuanza na ufagio, lakini huyu ana majuma sita tu. Mpeni kitu kidogo ambacho atakianza na kukimaliza kwa mikono yake. Kwa seremala yatosha kigoda kimoja, kwa mabaki ya msaiprasi. Aipime mbao, aikate, aone msumeno ukimponyoka kwenye mstari. Apige randa kinyume cha uzi wa mti, mbao ichanike, ndipo aambiwe kwa nini imechanika. Atengeneze ulimi na tundu lake, viwe vinalegea, aambiwe arudie. Kigoda chake kikisimama juu ya sakafu kisitikisike, atakuwa ameelewa kitu ambacho sisi hatuwezi kumweleza kwa hotuba. Kwa fundi wa mabati, koroboi yatosha. Kwa fundi wa umeme, awashe taa moja ndogo kwa betri, asiguse kamwe waya wa ukutani.

Msimfiche hesabu pia. Mwambieni bei ya mbao, kodi ya kibanda, na siku ambazo mteja hakurudi kuchukua kabati aliloagiza. Kijana anayeona fedha zikiingia asione zinavyotoka hajaiona kazi.

Kwa upande wa sheria hatuna mchezo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na yule wa kati ya miaka 13 na 16 yaruhusu kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Hawa hawaajiriwi. Hata hivyo tutashika mpaka ule ule: mashine za kukatia na za kuchomelea wataziangalia kwa mbali, na mwenye gereji asiyekuwa na miwani ya kuwakinga macho hatapelekewa mtoto. Zahanati nayo ina siri za wagonjwa. Kijana atakaa mahali pa kuandikisha, atajifunza kupanga dawa ghalani na kuosha vyombo, wala hataingia chumba cha matibabu.

Neno moja kwa akina mama na akina baba wenye mabinti. Katika majina tuliyoletewa mwanzo, wasichana wote walikuwa wameandikiwa upishi na cherehani, na wavulana wote gereji. Tuliyarudisha. Kama binti ataonja gereji asiipende, na arudi kwenye cherehani kwa hiari yake. Kama kaka yake ataonja jiko akalipenda, mpishi wetu wa hoteli atawaambia mshahara wake ni kiasi gani, nanyi mtanyamaza.

Wazazi wengine wanahofu kwamba alama zitashuka. Hofu hiyo twaipokea, na ndiyo maana tunaomba jioni mbili tu. Lakini twauliza, jioni hizo kwa sasa ziko wapi? Nyingi zimekwenda kwa masomo ya ziada ya kulipia, ambako mtoto aliyechoka hufundishwa tena na mwalimu aliyechoka yale aliyofundishwa asubuhi. Twaona mzazi hatapoteza mengi akizijaribu kwa njia nyingine muhula mmoja.

Gharama ni nauli za vijana wanaokaa mbali, aproni, na mabaki ya mbao na bati. Twaomba Mkutano huu uidhinishe zitoke katika fungu la elimu, bila kupunguza karo ya mtoto yeyote. Mwishoni mwa muhula kila kijana ataleta alichokitengeneza katika ukumbi huu, na aliyeikataa kazi aliyoionja atasema mbele ya wazee kwa nini ameikataa. Hao twatamani kuwasikia kuliko wengine.

Daftari mbili ziko mezani pa Katibu. Nyeusi ni ya mafundi na wenye kazi walio tayari kupokea kijana mmoja, wala si zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Nyekundu ni ya wazazi. Twaomba yeyote asitoke kabla ya kuipitia mojawapo, na mwenye neno la kupinga alitoe sasa, maana Mwenyekiti ametupa nusu saa ya maswali.