Kazi ya mwalimu wa ngumi baada ya bunduki

(Hotuba kwa walimu wa michezo, wazazi na viongozi wa vijiji vya Masisi na Walikale)



Tumeombwa tuseme juu ya kazi ya kocha. Wengi wakisikia neno hilo wanamfikiria Florent Ibenge, aliyeongoza timu yetu ya taifa toka 2014 hadi 2019. Tunamheshimu. Lakini leo tutasema habari za mtu wa karibu, wa Goma: Balezi Bagunda, ambaye watu wanamwita Kibomango. Alikuwa askari angali mtoto, akapoteza jicho moja. Baadaye akawa bondia, kisha mwalimu wa ngumi. Katika klabu yake ya Urafiki amefundisha vijana wengi, baadhi yao waliotoka msituni kama yeye.

Mzazi mmoja wa Masisi alituuliza: “Mtoto amekwisha kujua kupiga risasi, sasa mnataka ajue na kupiga ngumi?” Swali ni la haki. Msituni anayepiga haambiwi acha. Ulingoni kuna kengele. Ikilia, mkono unashuka hata kama hasira ingali juu. Kuna mwamuzi. Kuna mizani, ili mwenye kilo nyingi asipiganishwe na mwepesi. Na kabla ya pambano lolote kuna miezi ya kukimbia na kuruka kamba, mbele ya mtu mzima anayejua jina lako na atakayeuliza kama jana hukuonekana.

Hapo tunataka kukaza neno. Mtoto akitoka kwenye kundi anapewa karatasi, nguo, pengine miezi michache ya kujifunza ushonaji au useremala. Kisha mradi unaisha. Kundi halina tarehe ya kuisha. Kamanda anajua njia ya machimbo ya Rubaya, anawajua vijana wanaochimba kasiterite Walikale, na uwanja wa mpira anaujua pia, maana huko ndiko wenye nguvu wanaonekana. Sheria ipo: ile ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumwandikisha katika makundi ya silaha. Novemba 2020 mahakama ya kijeshi huko Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, ambaye Walikale wanamkumbuka vizuri mno, kifungo cha maisha, na kuandikisha watoto ni mojawapo ya makosa aliyopatikana nayo. Lakini ubakaji wa Luvungi ulikuwa 2010. Hukumu ilichukua miaka 10, na mtoto aliyerudi juzi anahitaji mtu wa leo jioni.

Kocha anaweza pia kuumiza, tusifichane. Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, alisimulia kwamba aliposhindwa katika judo walimu wake walimfungia kwenye kizimba na kumpunguzia chakula. 2013 alikwenda Rio kushindania ubingwa wa dunia, akabaki huko huko. Mwalimu Geraldo Bernardes, aliyewahi kufundisha timu ya taifa ya Brazil, akampokea. 2016 Popole aliingia Olimpiki na timu ya wakimbizi, akashinda pambano lake la kwanza.

Mashirika mengi hupenda mashindano ya siku moja: jezi, kombe, picha. Si mabaya. Lakini Januari 2025 M23 ilipoingia Goma, kambi za waliohamishwa zilivunjwa na watu wakatawanyika, wengi wakarudishwa Masisi penye nyumba zilizobomoka. Kombe halimtafuti mtoto aliyetawanyika. Mwalimu anaweza kumtafuta, kama naye ana cha kula nyumbani.

Kwa hiyo tunaomba wafadhili walioko hapa wageuze pesa za kombe la mwaka huu ziwe posho ya walimu kwa miezi 12. Wazazi, tunaomba na wasichana waruhusiwe kuja. Wengi wao walikuwa msituni pia, na hawasemi. Na kila mwalimu, kabla hatujala, aandike kwenye daftari lile pale mlangoni jina la kijiji chake na saa uwanja wake unapofunguliwa.