Mpeni Ufunguo wa Kipima Mvua



Wazazi wa Singida wameniuliza mara nyingi: mtoto wangu anapenda kuandika, nimwingize katika shughuli gani nje ya masomo? Shuleni huwa wamekwisha kujibiwa: apelekwe klabu ya mdahalo, kisha ashindanishwe katika insha. Nimekuja kulipinga jibu hilo.

Tuutazame mdahalo wenyewe. Mada iko ubaoni: "Mwalimu ni bora kuliko mkulima." Mwanafunzi anasimama, anamsalimu mwenyekiti, katibu na mtunza muda, kisha anaunga mkono hoja. Upande wake hakuuchagua; umegawanywa kwa mistari ya madawati. Mkulima anayemshusha hadhi kwa dakika tatu ni mama yake, aliyeamka alfajiri kupalilia alizeti, lakini katika hotuba nzima mama haonekani: jembe lake halimo, wala mikono yake. Mdahalo haukumtaka amwone, ulimtaka ashinde. Ujasiri anaoupata pale siubezi, na atakayekuwa wakili au mbunge unamfaa sana. Mwandishi ana haja nyingine. Lazima azoee kuandika alichokiona, hata kikiipinga hoja yake.

Mashindano ya insha nayo yana pengo lake. Shindano la jumuiya ya nchi za SADC kwa shule za sekondari huja mara moja kwa mwaka, na mada hupangwa mbali na hapa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu naiunga mkono kwa moyo wote, ila tuzo ni mavuno. Mimi nauliza habari za kulima.

Kuhusu kulima huko, niruhusuni nikae kidogo kwa Shaaban Robert. Tumezoea kumwita mshairi hadi tukasahau mshahara wake ulitoka wapi. Aliingia forodhani mwaka 1926, akawa karani wa serikali kwa miongo kadhaa. Karani wa forodha haandiki "mizigo mingi". Huandika magunia mangapi, ya nani, yametoka wapi. Na tangu 1931 hadi 1958 alikuwa akimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge. Nyumba yangu ikishika moto, kitabu cha barua hizo ndicho nitakachokimbilia kwanza, kabla hata ya riwaya yake Kusadikika. Miaka 27, msomaji mmoja! Ndugu haandikiwi kwa mbwembwe. Anakujua ulivyo, na anataka kujua mgonjwa ameamkaje.

Nami nilisoma sekondari mkoani humu, nikawa msemaji wa mdahalo. Mwalimu wa jiografia akanikabidhi ufunguo wa kituo kidogo cha hali ya hewa kilichokuwa kando ya shamba la shule. Asubuhi moja ya Desemba niliandika daftarini: "Mvua kubwa ya kutisha." Mwalimu akasoma, akaniuliza, "Milimita ngapi?" Nikarudi kwenye kipima mvua, nikamimina maji katika bilauri ya vipimo, nikainama hadi jicho likawa sawa na usawa wa maji. Milimita 4. Ngurumo za usiku zilikuwa zimenidanganya. Jumamosi nilimkuta mama shambani akichimbua udongo kwa jembe. Unyevu haukufika hata kiganja kimoja. "Bado, mwanangu," akasema. Jioni ile nikamwandikia baba, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza: milimita 4, mama hajapanda. Ndiyo barua ya kwanza aliyoijibu kwa maswali, kwa sababu ndiyo ya kwanza iliyokuwa na habari.

Wahadhiri wenzangu wataniambia daftari la mvua ni sayansi, halifundishi lugha. Nimelipima neno hilo kwa muda mrefu. Ni kweli kwamba halifundishi msamiati wala vina, na mwanafunzi atahitaji maktaba na mwalimu wa Kiswahili. Hata hivyo, kama nafasi ni moja tu nje ya masomo, nitamtoa mdahaloni nimpe daftari lile, pamoja na mtu wa kumwandikia.

Walimu wakuu wa Singida, nawaomba: kituo kikiwepo, ufunguo apewe mtoto anayependa kuandika, na mumruhusu atoke darasani kwa dakika tano. Kipima mvua husomwa saa tatu asubuhi kila siku, na siku ya jua kali huandikwa sifuri.