Geuza Kopo, Soma Nyuma

(Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu)

Najua mlipoambiwa leo anakuja mtu wa afya, wengine mlishajua mtasikia yale yale ya kila mara. Hapana. Leo tunaongelea mafuta ya usoni. Ndiyo, hayo hayo uliyojipaka asubuhi kabla ya paredi.

Nawe msomaji uliyeko nyumbani au bwenini, usikae tu. Kachukue kopo lako la mafuta, ligeuze. Nyuma kuna maandishi madogo kama sisimizi waliojipanga mstari. Hapo ndipo penye somo letu.

Kuna desturi moja inayofuatwa na watengenezaji katika nchi nyingi: vitu huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Vile visivyofika asilimia 1 ndivyo vinavyoweza kupangwa vyovyote pale mwishoni. Kwa hiyo majina manne au matano ya kwanza ndiyo karibu kopo zima. Mbele wamekuchorea parachichi kubwa la kijani linalong'aa, lakini nyuma jina lake ni la kumi na saba, baada ya manukato? Basi, mwenzangu, hilo parachichi lilipita tu kusalimia.

Tuanze na mafuta ya mgando, maana ndiyo yaliyotulea wengi wetu. Nyuma utaona neno "Petrolatum". Yanatokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, yale yale yanayotupatia petroli na mafuta ya taa. Usishtuke, yamesafishwa sana. Mwaka 1859 kijana mkemia wa Marekani, Robert Chesebrough, alikwenda Titusville, Pennsylvania, kuangalia visima vya mafuta. Akakuta wachimbaji wanajipaka kwenye majeraha ule utando mzito ulioganda kwenye mitambo yao. Akaubeba, akausafisha kwa miaka mingi, na mwaka 1872 akapewa hataza yake. Akauita Vaseline.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi tunakosea. Mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi hata tone. Kazi yake ni kuziba. Ngozi hupoteza maji kwenda hewani usiku na mchana, nayo yanaweka kifuniko maji yasitoroke. Kwa kazi hiyo, ni vigumu kupata kinachoyazidi, hata ukienda kwenye duka la bei mbaya. Lakini yapake mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Ukingoja mpaka uso umekauka kama karatasi, utafungia nini? Kwa aliyeko Njombe au Mufindi mwezi wa saba, midomo inapasuka, hayo ni rafiki. Kwa mwenye uso wa mafutamafuta, yuko Tanga mwezi wa pili, jua la saa saba, mh! Atang'aa kama kioo na hatapata raha.

Glisirini ni kinyume chake. Yenyewe inavuta maji. Ninyi wa kemia mnajua, au mtajua karibuni: mafuta yakichemshwa na magadi makali hutoa sabuni, na pamoja na sabuni hutoka glisirini. Ni rahisi na ni nzuri. Ila usiipake kavu kavu bila kuichanganya na maji, hasa wakati wa baridi kavu. Hewani kukiwa hakuna maji ya kuvuta, itayavuta kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe.

Na losheni je? Soma neno la kwanza: "Aqua". Ni maji tu, kwa jina la Kilatini. Katika losheni nyingi, zaidi ya nusu ya chupa ni maji. Sisemi umeibiwa, maji yakichanganywa vizuri na glisirini na mafuta kidogo hukaa vyema usoni bila kunata, na mwenye chunusi huyavumilia. Lakini ukisikia bei, kumbuka unanunua nini. Tena palipo na maji, bakteria na ukungu hupapenda, ndiyo maana utaona majina kama "Methylparaben" au "Phenoxyethanol". Ni vihifadhi. Watu wanabishana sana juu yake, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa. Mimi binafsi naiogopa zaidi losheni iliyoota ukungu.

Mafuta ya nazi, nayo yana wapenzi wake. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Mombasa ni maji, Arusha mwezi wa saba ni jiwe. Usimgombeze muuzaji eti amechanganya na mshumaa! Kwa miguu na mikono ni mazuri sana. Kwa uso wenye chunusi, siyashauri, huziba vinyweleo. Hata mafuta ya nywele yanayoteremka kwenye paji la uso huleta vipele. Madaktari wa Marekani walilieleza jambo hilo tangu mwaka 1970. Ukiona chunusi zimejipanga pembeni mwa nywele tu, anza kwa kuangalia unachopaka kichwani.

Wenzetu wa kaskazini mwa Uganda wana mafuta ya mti wa shea, Waacholi huyaita moo yaa. Ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Ukibahatika kuyapata halisi, jaribu kidogo ndani ya kiwiko siku mbili kabla ya kupaka usoni. Fanya hivyo kwa kitu chochote kipya, hasa ukiona neno "Parfum", kwani manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kuleta mzio kwenye vipodozi.

Na jua? Mafuta hayo yote hayatoshi kulizuia. Wenzetu wenye ualbino wanahitaji krimu maalumu ya jua, si mgando. Kule Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC kimetengeneza krimu ya namna hiyo, inaitwa Kilisun.

Haya, sasa tuseme lile mnalolinong'ona bwenini. Mkorogo.

Jamani, si suala la kumcheka mtu. Wasichana wanapaka, na wavulana wanapaka pia, msijifiche. Ninachotaka ni usome. Ukiona "Hydroquinone", rudisha dukani. Mwanzoni uso hung'aa, kisha baada ya muda wengine hupata mabaka meusi ya samawati ambayo karibu hayaondoki. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza mwaka 1975, na nchi hiyo ikapiga marufuku dawa hiyo kwenye vipodozi mwaka 1990. Ukiona "Calomel", "Mercuric" au "Mercurous", hiyo ni zebaki. Huingia mwilini kupitia ngozi, huharibu figo, na huambukia taulo na mikono ya mdogo wako unayelala naye. Wengine hawaiandiki kabisa, ila wanakuonya usiguse kopo ukiwa na pete ya dhahabu au fedha. Onyo hilo likutoshe. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ulioteswa na sumu ya zebaki, umeikataza kwenye vipodozi. Hapa Tanzania vipodozi vya namna hii vimepigwa marufuku, na tangu mwaka 2019 kazi ya kuvisimamia iko TBS. Lakini sokoni vipo, unajua na mimi najua.

Cha tatu ni "Clobetasol" na "Betamethasone". Hizi ni dawa halali za hospitali, daktari huziandika kwa ugonjwa maalumu na kwa muda maalumu. Ukizifanya mafuta ya kila siku, ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, michirizi na chunusi hujaa.

Dada mmoja aliniuliza: "Mimi natumia tayari, tangu likizo. Niache leo?" Vya zebaki na haidrokwinoni, ndiyo, leo. Hii ya tatu, kama umeipaka wiki nyingi, ukiikata ghafla uso unaweza kuwaka, kuwasha na kuvimba, ukadhani dawa ndiyo ilikuwa inakusaidia, ukairudia. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Usihangaike peke yako. Nenda zahanati au kliniki ya ngozi, mwambie mganga umepaka kwa muda gani, naye atakupangia namna ya kuacha. Na ulibebe kopo lenyewe, hata kama limebaki tupu.