Mkemia Aliyejenga Maabara za Taifa

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Taifa linaloazima utaalamu wa wengine hubaki uchi siku mwenye nguo anapoidai. Jambo hilo lilimwelea vyema Shanti Swarup Bhatnagar, mkemia wa India, na maisha yake ni fundisho kwa kila nchi iliyopata kutawaliwa.

Bhatnagar alizaliwa mwaka 1894 huko Bhera, Punjab. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na babu mzaa mama. Mwaka 1921 alipata shahada ya udaktari wa sayansi mjini London, akarejea nyumbani kufundisha Banaras, kisha Lahore kuanzia mwaka 1924.

Huko Lahore alifuatwa na kampuni ya mafuta ya Attock. Wachimbaji walitumia tope katika kutoboa visima, lakini tope hilo lilipokutana na maji ya chumvi chini ya ardhi liliganda, na kazi ikasimama. Bhatnagar alitambua kuwa shida hiyo ni ya kikemia. Alitia gundi ya miti ya India katika tope, nalo likabaki jepesi. Kampuni ya Steel Brothers ya London ikamtolea rupia 150,000 kwa ajili ya utafiti. Hakuzitia mfukoni. Alitaka zipitie chuo kikuu, zikaanzisha idara ya utafiti wa mafuta na kuwafaa vijana waliokuwa wakisoma.

Mwaka 1940, wakati wa vita, serikali ya kikoloni ilimwita aongoze utafiti wa sayansi na viwanda. Tarehe 26 Septemba 1942 likaundwa Baraza la Utafiti, naye akawa mkurugenzi wake. Chombo kilichozaliwa kwa haja za vita vya mtawala kiligeuzwa, baada ya uhuru wa mwaka 1947, kuwa nguzo ya ujenzi wa taifa. Kwa kuungwa mkono na Waziri Mkuu Nehru, Bhatnagar alisimamia kuanzishwa kwa maabara 12, ikiwamo ile ya kemia mjini Poona, iliyofunguliwa Januari 1950.

Hakukosa wapinzani. Wapo wanasayansi waliolalamika kwamba maabara za serikali zinavinyima vyuo vikuu fedha na watafiti. Hoja hiyo ilikuwa nzito, kwa maana maabara isiyo na chuo nyuma yake ni kama mto usio na chemchemi. Mwaka 1953 Bhatnagar mwenyewe alikabidhiwa uenyekiti wa kwanza wa Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu, lakini tarehe 1 Januari 1955 mauti yakamkuta.

Ndugu Wananchi, mtaalamu hupita, chombo hubaki. Rupia zile zingaliingia mfukoni mwa mtu mmoja, zingalikwisha naye. Taifa linalotaka kujitegemea halina budi kumpa mtaalamu wake maabara, na mtaalamu naye hana budi kuirudishia jamii elimu aliyoipata.