Barafu Ndani ya Mawingu ya Radi



Kila aliyeona mvua ya mawe ikipasua majani ya chai huko Kericho amekwisha kushika barafu ya wingu kwa mkono wake. Leo twataka kueleza barafu hiyo hutengenezwa wapi, na kwa nini rubani wa eropleni huiogopa.

Hewa kadiri ipandavyo ndivyo ipoavyo. Katika nchi za joto maji huanza kuweza kuganda kwenye kimo cha futi 16,000 hivi, nacho hakifiki kilele cha Kilimanjaro, chenye futi 19,340. Lakini wingu la radi laweza kupanda hata futi 50,000. Ajabu ni kwamba matone ya wingu hayagandi mara moja. Tone dogo safi laweza kubaki maji hata katika baridi ya digrii 30 chini ya sifuri, mpaka lipate chembe ya vumbi ifaayo. Baridi ikipita kiasi cha digrii 38, huganda hata bila vumbi. Tone la namna hiyo likigusa bawa la eropleni huganda papo hapo.

Sisi tuliopata kuketi dirishani tumeyaona haya kwa macho. Chini, wingu lina vinundu vilivyo wazi kama ganda la tomoko: hayo ni maji. Juu limetandaa kama fuawe la mhunzi, kingo zake zimelegea kama pamba iliyochambuliwa: hiyo ni barafu. Ndani yake punje za barafu hugongana, na katika kugongana huko ndimo umeme wa radi utokamo.

Wengi hudhani hatari ni mawe makubwa tu. Sivyo. Chembe za juu, ndogo kama unga, hazionekani vema katika rada, wala hazishiki juu ya bawa lenye baridi. Rubani aweza kuingia kati yake asijue. Usiku wa tarehe 1 Juni 2009, eropleni ya Ufaransa iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipita katika mawingu ya radi juu ya Atlantiki, kwa kimo cha futi 35,000. Chembe za barafu ziliziba mirija ipimayo mwendo wake, kwa muda wa kama dakika moja tu. Mtambo ulioiongoza eropleni ukaacha kazi. Marubani, gizani, wenye vipimo visivyopatana, wakaipandisha pua mpaka mabawa yakashindwa kuichukua. Kwa dakika 4 na nusu hivi ikaanguka baharini, wakafa watu wote 228. Mabaki yalionekana mwaka 2011, futi 12,800 hivi chini ya maji, na vyombo vilivyohifadhi habari za safari vilipotolewa na kusomwa, ndipo mambo haya yakajulikana kwa hakika.

Mwaka 2014 huko Darwin, Australia, na mwaka 2015 huko Cayenne, wataalamu waliingiza eropleni katika mawingu ya namna hiyo kwa makusudi, wapate kupima barafu iliyomo.