Patana Kwanza, Kisha Shika Jembe

(Muziki wa kipindi. Ushuke.)

Leo tunazungumza juu ya kazi: kazi ya mama anayelima leja leja, ya dada anayesuka nywele saluni, ya kijana anayelinda duka usiku. Tunazungumza pia na wewe unayewapa kazi, maana mara nyingi bosi wetu ni mkimbizi mwenzetu.

Tuanze na sheria. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi aliyetambuliwa kutafuta kazi na kuifanya. Sheria ya Ajira, nayo ya mwaka 2006, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya taifa alikotoka. Basi mtu asikutishe akisema, "Wewe mkimbizi, utanishtaki wapi?" Sheria hiyo inasema pia kwamba mwanamke na mwanamume wakifanya kazi yenye thamani sawa, walipwe sawa. Kama mama amepalilia kipande kama cha baba, apewe kama baba.

Sasa tujiulize: ugomvi wa malipo huanza wapi? Huanza asubuhi, watu wawili wanapoambiana, "Twende tu, tutaelewana." Jioni ikifika, mmoja alikuwa na shilingi 5,000 kichwani, mwenzake 3,000. Mmoja alihesabu siku, mwenzake alihesabu kipande chote. Mmoja anangoja pesa, mwenzake analeta bakuli la maharage. Pengine hakuna aliyetaka kumwibia mwingine, lakini watoto wanalala njaa na majirani hawasalimiani tena.

Kwa hiyo kabla ya kuinua jembe, ulizaneni mambo manne. Kazi ni ipi, na inaishia wapi? Ni ya saa ngapi? Ni shilingi ngapi? Zitalipwa lini, na nani atazitoa? Mkishakubaliana, mwiteni mtu wa tatu asikie. Mapatano ya mdomo ni mapatano mbele ya sheria, lakini bila shahidi ni vigumu kuyathibitisha.

Halafu nunua daftari dogo. Kila siku andika tarehe, kazi uliyofanya, pesa uliyopokea na iliyobaki. Bosi atie sahihi au dole gumba. Kama hujui kusoma, mwombe mtu unayemwamini akusomee kwa lugha unayoielewa kabla hujaweka dole.

Ndugu bosi, daftari hilo linakulinda na wewe. Mtu akisema hukumlipa wiki ya pili, unafungua ukurasa tu. Na kama pesa yako itapatikana baada ya kuuza mahindi, sema hivyo asubuhi, mwenzako achague kukubali au kwenda kwingine.

Kwa kazi ya muda mrefu, shikeni haya. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi kabla wiki 12 hazijapita tangu aanze. Kibarua aliyefanya kazi miezi 4 mfululizo hawi kibarua tena. Anastahili mkataba wa maandishi. Saa za kawaida zisizidi 48 kwa wiki, na kila wiki kuwe na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Mshahara ulipwe kwa pesa. Na aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini hajafikisha mwaka, akitaka kuachishwa, apewe taarifa ya wiki 2 au zaidi. Aliyepita mwaka mmoja, taarifa isipungue mwezi.

Jambo jingine: usiache kitambulisho chako kwa bosi kama rehani. Kioneshe, kisha kirudishe mfukoni. Bila hicho, siku ya mgao utasimama wapi? Na polisi akikuuliza njiani, utamwonesha nini?

Je, usipolipwa? Kwanza rudi kwa bosi kwa utaratibu, ukiwa na daftari na shahidi wako. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa RWC wa kijiji chako awakutanishe. Ikishindikana, nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya. Kwa walioko Nakivale, wilaya ni Isingiro. Afisa huyo ana mamlaka ya kisheria kusikiliza malalamiko ya mfanyakazi. Kama umefukuzwa bila haki, usikae ukisubiri. Sheria inakupa miezi 3 kupeleka malalamiko yako.

Lakini bosi akitaka mwili wako ndipo akupe kazi au akulipe, hilo si shauri la kupatanishwa chini ya mti. Ni unyanyasaji wa kingono, na sheria inaukataza. Mwambie mtu unayemwamini, kisha uende polisi au kwa wahudumu wa ulinzi wa wakimbizi. Aibu ni ya aliyetenda.

Wasikilizaji, kesho alfajiri wengi wetu tutakuwa barabarani na majembe begani. Anayeita na anayeitwa, simameni dakika tano tu mpatane, mwenzenu mmoja akisikia. Dakika hizo tano zinaweza kuokoa ujira wa wiki nzima, na ujirani wa miaka.

Kazi njema, na mlipane vema.

(Muziki upande.)